Magugu kwa Kamba

Kuna uchovu wa kulala nao, ukiamka umeshaondoka zake. Huu wa Sentimita haukuwa wa aina hiyo. Huu uliamka kabla yake, ukamsubiri mlangoni ukiwa umeshavaa viatu. Msimu wa tatu sasa alikuwa anapanda mahindi yale yale, kwenye kituo kile kile cha utafiti, akitafuta jibu la swali lile lile: mahindi yakikaa karibu karibu au mbali mbali, yakipaliliwa au yakiachiwa magugu, yanazaa kiasi gani? Swali la mtoto wa shule, utasema. Hata yeye alisema hivyo alipoanza, na sasa lilikuwa limemzeesha.

Msimu wa kwanza mvua ilikata mahindi yakiwa usawa wa goti. Msimu wa pili ng'ombe walipenya kwenye pengo la uzio wakala jaribio lote, nafasi finyu na nafasi pana wakazila sawasawa, hawakubagua. Chuo kikamwambia, mama, tumevumilia vya kutosha. Huu wa tatu ndio wa mwisho. Usipoleta matokeo, jina lako tunalifuta na shahada yako ya uzamili uisahau. Yeye alikuwa na kazi ya mkataba tu hapo kituoni, ya kuongezwa ongezwa kila mwaka kwa huruma ya wakubwa, na bila shahada hiyo angebaki kubebabeba rula mpaka mgongo upinde.

Jina la Sentimita alipachikwa na vibarua siku ya kwanza walipomwona anatambaa shambani kwa magoti, rula mkononi, anapima shimo kwa shimo. Kamba yake ya kupandia ilikuwa na fundo la uzi mwekundu kila sentimita thelathini, na ole wake kibarua aliyeangusha mbegu pembeni ya fundo.

"Sentimita, hii imehama kidogo tu. Nayo ina kosa?"

"Fukua, rudia."

"Lo! Huyu akiolewa, mume atapimwa kila asubuhi kabla ya chai."

Walicheka, na siku hizo naye alicheka nao. Msimu wa tatu huu walikuwa bado wanacheka, ila yeye alikuwa amebakiwa na kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tena kwa kujikaza.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi, na halina uchawi wowote. Aligawa shamba kwenye ploti ndogo ndogo, kila moja kama ukubwa wa sebule. Mahindi yalipandwa kwa nafasi za aina tatu kati ya mstari na mstari: finyu, ya kati na pana. Kila nafasi ilikuwa na ploti ya kupaliliwa mara mbili, ploti ya kupaliliwa mara moja, na ploti ambayo haipaliliwi kabisa, tangu kupanda mpaka kuvuna. Kisha yote hayo yakarudiwa kwenye mafungu matatu ya shamba, kusudi rutuba ya pembe moja isije ikamdanganya mtu. Ploti zisizopaliliwa ndizo zilizobeba kazi nzima. Utasemaje magugu yamekula kiasi gani kama huna mahali ulipoyaacha yale mpaka yashibe?

Na yalikuwa yanashiba kwelikweli. Mahindi yalikuwa yanakaribia kutoa mbelewele. Kwenye ploti safi yalimpita mtu kichwa, meusi kwa afya. Kwenye ploti za magugu yalikuwa membamba, ya manjano, yamezungukwa na mchicha pori, ndago na kishonanguo mpaka kiunoni. Sentimita alipita kando yake kila siku akiwa na furaha ya kichovu. Magugu yake yalikuwa mazuri.

Sasa kura, maana ni kura iliyoamua ploti ipi ikae wapi, iliitupa ploti moja ya magugu pembeni kabisa, kwenye njia ya kwenda bombani. Na kibao cha jaribio kilikuwa kimeshachimbiwa pale pale, kina jina lake likifuatiwa, kama ilivyo kawaida, na la baba yake. Sentimita hakuliwazia jambo hilo hata mara moja. Kura ni kura.

Aliyeliwazia ni mama yake.

Mama alikuja baada ya baba kufariki. Shamba la nyumbani liligawanywa kwa kaka zake Sentimita, na mama mwenyewe akawa wa kupokezana: mwezi kwa huyu, mwezi kwa yule, kila nyumba ikigundua baada ya muda kwamba ana maneno mengi na mikono isiyotulia. Mwisho akafikishwa kwa kitinda mimba wake, Sentimita, kwenye nyumba ya watumishi yenye chumba na sebule, akiwa na begi moja na kitu kirefu kimeviringishwa kwenye shuka.

"Hicho nini, mama?"

"Jembe."

"Jembe la nini? Hapa kuna majembe stoo nzima."

"Hayo ni ya serikali," mama alisema. "Mtu asafiri aache mikono nyumbani?"

Siku za mwanzo alifagia uwanja mpaka ukang'aa kama umepakwa mafuta. Alifagia na wa jirani. Akaosha sufuria safi. Kisha siku moja jioni akamfuata bintiye shambani, akasimama mbele ya ile ploti ya njiani, akashika kiuno.

"Mwanangu, uliugua?"

"Hapana, mama. Hiyo haipaliliwi. Ni jaribio."

"Jaribio la kumjaribu nani?"

Sentimita alikuwa ametoka kupima urefu wa mahindi tangu asubuhi na macho yalikuwa yanamwasha. Angeweza kukaa chini akaeleza. Mama si mjinga. Angeelezwa vizuri angeelewa. Lakini maelezo yanahitaji nguvu, na yeye nguvu zilikuwa zimeishia kwenye mstari wa mwisho.

"Wewe usiziguse tu, mama. Tafadhali. Ukizigusa umeniua."

"Makubwa," mama akasema. "Haya, haziguswi, sigusi."

Wakarudi nyumbani mmoja mbele, mmoja nyuma, na habari ikaishia hapo.

Ikaja siku ya kupeleka udongo mjini kwenye maabara. Sentimita aliondoka asubuhi na mfuko wa sampuli begani, akasimama kwenye foleni, akaambiwa mwenye ufunguo katoka, akasubiri mwenye ufunguo, mwenye ufunguo akaja na hasira zake. Alirudi alasiri, soli ya kiatu kimoja imeachia, akiwaza maji ya kuoga na kitanda, basi. Kesho yake asubuhi profesa anayemsimamia alikuwa anakuja kukagua jaribio. Alijisemea, leo nalala mapema.

Alipofika getini aliona kitu hakiko sawa kabla hajajua ni nini. Pembeni mwa njia palikuwa peupe mno. Kibao chake kilionekana chote, kuanzia juu mpaka mguuni, na nyuma yake mahindi membamba ya manjano yalisimama peke yake kwenye udongo mweusi uliogeuzwa vizuri, kila shina limekusanyiwa udongo kama mtoto aliyefunikwa shuka.

Akaangalia ploti nyingine ya magugu. Safi. Ya tatu. Safi. Fungu lote la kwanza halina jani. Akakimbia na kiatu chake kinachopiga kofi mpaka fungu la pili, na huko, kwenye ploti ya mwisho, mama yake alikuwa ameinama na jembe lake la nyumbani, sketi ameikunja kiunoni, anamalizia kona.

"Umerudi!" Mama alijinyoosha, uso umejaa jasho na furaha. Sentimita hakuwa ameiona furaha ile tangu baba alipofariki. "Nilitaka ukute nimemaliza na zile tatu za kule. Uzee mbaya, mwanangu. Zamani hii ilikuwa kazi ya asubuhi tu."

Mfuko ulimteleza Sentimita begani ukaanguka.

"Mama, nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisiguse."

"Basi kwa nini ukagusa? Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa," mama akasema, kwa unyofu kabisa. Kisha akaona uso wa bintiye, na furaha ikaanza kumtoka kidogo kidogo. "Wale wanawake wa bombani wanacheka, mama. Kila siku wanapita wanasoma. Mmoja anauliza, mwenye shamba hili kafa? Mwenzake anamjibu, kafa kabla ya palizi. Na jina la baba yako lipo pale. Baba yako, ambaye watu walikuwa wanakuja kutazama shamba lake! Mimi nimekaa ndani nasikia hivyo, nina mikono miwili na jembe. Ningefanyaje?"

"Ungekaa!" Sentimita alipiga kelele mpaka vibarua waliokuwa kutwa nzima kule mbali wakageuka. "Ungekaa kimya kama mgeni! Msimu mzima huu, mama. Misimu mitatu! Magugu yale ndiyo yalikuwa kazi yangu, nimeyalinda kuliko mahindi, na wewe umeyafuta kwa siku moja. Ndiyo maana hakuna mwanao anayetaka kukaa na wewe! Huwezi kuona kitu cha mtu ukakiacha!"

Likatoka, likawa limetoka. Hakuna fundo la kulirudishia.

Mama aliishusha sketi yake, akaupangusa mpini wa jembe kwa kiganja, akatembea kuelekea nyumbani polepole, kwa pembeni, asikanyage mstari.

Jioni nyapara alikuja. Huyu alikuwa msimamizi wa vibarua, mtu mnene mwenye roho nzuri na hila nyingi, amekaa kituoni hapo miaka mingi kuliko miti yake. Alikaa sebuleni akakataa chai, jambo ambalo si la kawaida yake. Mama alikuwa chumbani, nyuma ya pazia.

"Nimeona," nyapara alisema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa sauti ya watu wa kawaida. "Hebu nisikilize, Sentimita. Kesho profesa akiuliza, sema kibarua. Kibarua mgeni, alitumwa kupalilia ploti nyingine, hakuelewa, akapitiliza. Umeshamfukuza. Nani atamtafuta?"

"Nimsingizie mtu?"

"Mtu gani? Hayupo! Unamsingizia hewa. Sikiliza, mimi nimeona majaribio mengi yakiharibika hapa. Kibarua akikosea hiyo ni ajali, na ajali chuo kinaisamehe, hata kama walisema huu ni wa mwisho wanakupa msimu mwingine. Lakini mtu wako wa nyumbani, unayekaa naye nyumba moja, huo ni uzembe wako. Hapo huna pa kutokea."

Sentimita alishika kichwa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata uongo aliuona kama mlima wa kupanda. "Nitafikiri," alisema.

Hakusema hapana. Hilo alikuja kulikumbuka baadaye. Pazia halikutikisika, na nyapara alipoondoka, Sentimita alilala kwenye kochi na nguo zake za mjini.

Asubuhi nyumba ilikuwa kimya. Hakuna aliyekuwa anafagia. Kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa, shuka limenyooshwa mpaka kwenye pembe, na begi lake limefungwa, limewekwa mlangoni. Jembe lilikuwa limelazwa juu ya begi, limeviringishwa. Basi, Sentimita akajisemea, anaondoka, na mimi ndiye niliyemfukuza. Alitaka kukaa chini alie, lakini kulia nako kunataka muda. Akageuka kuchukua koti nyuma ya mlango, ndipo akaona msumari mtupu. Kamba yake ya kupandia haikuwepo.

Alitoka mbio na kandambili.

Mama alikuwa kwenye ploti ya njiani, mbele ya kibao. Amepiga magoti kwenye udongo uliolowa umande. Kamba ya mafundo mekundu alikuwa ameichomekea vijiti huku na huku, imenyooka kabisa. Pembeni yake lilikuwa lundo la magugu ya jana, aliyoyakusanya kutoka yalikotupwa. Alichukua mchicha pori mmoja uliosinyaa, akautazama mizizi, akachimba shimo kwa kijiti penye fundo, akaupanda. Akaushindilia kwa vidole viwili, akaumwagia maji kidogo kutoka kwenye kopo, akasogea fundo la pili na kuchukua ndago.

Nyuma yake mistari ilikuwa imeshajaa. Mchicha pori, ndago, kishonanguo, mchicha pori, ndago, kishonanguo. Mingine imesimama, mingine imelala kifudifudi. Lakini yote ilikuwa kwenye mstari, tena mstari ulionyooka kuliko wa kibarua yeyote wa kituo hicho.

"Mama. Unafanya nini?"

"Narudisha," mama alisema bila kuinua kichwa. "Usikanyage hapo, nimeshapanda."

Sentimita alirudisha mguu.

"Nimeweka thelathini," mama akaendelea. "Sikujua kama magugu yana nafasi yake nyingine, nikatumia hii hii ya mahindi. Kama nimekosea niambie mapema, sijafika mbali. Nilitaka niwahi kabla mkubwa wako hajaja."

Kicheko kilimtoka Sentimita bila ruhusa. Kilianzia tumboni, kikamkunja, kikamkalisha chini kwenye tope na nguo zake za mjini. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, mpaka hakujua tena kama anacheka, na mama alipomtazama aliona machozi yanashuka mpaka kidevuni.

"Magugu hayana nafasi, mama. Yanaota yanapotaka."

"Si najua yanaota yanapotaka! Nimeyang'oa maisha yangu yote, nisijue?" Mama alimtazama kwa uchungu. "Lakini haya ni ya kwako. Kila kitu chako kinapimwa. Nikajua na haya yanapimwa."

Sentimita alitaka kumwomba radhi kwa lile neno la jana. Alikuwa amelipanga mdomoni, mama nisamehe, maneno mawili tu, lakini hapo hapo gari la chuo likaingia getini, na nyapara akatokea upande wa stoo anakimbia huku akifunga kifungo cha shati.

Profesa alikuwa mzee mrefu, mkimya, mwenye buti za mpira na suruali ya ofisini. Alishuka, akatazama fungu la kwanza lote likiwa safi, kisha akaja mpaka kwenye kibao na kusimama mbele ya mistari ya magugu yaliyopandwa kwa kamba. Akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. Hakuna kilichobadilika.

"Shikamoo, mama," alimwambia yule mama aliyekuwa magotini.

"Marahaba, baba."

"Hii ni nini?"

Sentimita alifungua mdomo, lakini mama alikuwa ameshasimama. Alijipangusa tope, akainamisha kichwa, na sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa sauti ndogo ya mtu wa kuitwa na kufukuzwa.

"Ni kosa langu, baba. Mimi ni kibarua. Mgeni hapa. Jana nilitumwa kwingine, sikuelewa, nikapalilia pasipotakiwa. Huyu binti hakuwepo, alikuwa mjini. Ameshanifukuza, naondoka leo leo. Nilikuwa narudisha rudisha tu kidogo kabla sijaenda."

Nyapara alitazama buti zake mwenyewe kana kwamba ndiyo kwanza anaziona.

Profesa alimgeukia Sentimita. "Ni kibarua wako?"

Alikuwa hahitaji hata kudanganya. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Angenyamaza tu. Mwili mzima ulikuwa unaomba kunyamaza. Kunyamaza hakuna kazi, hakuna rula, hakuna maelezo. Angenyamaza, ajali ingeandikwa ajali, na msimu wa nne ungekuja. Profesa alikuwa ameshatoa kalamu na kuandika kitu kwenye karatasi zake. Mama alisimama amemgeuzia bintiye bega, hamtazami, kama mtu asiyemjua kabisa, na kisigino chake kilichopasuka kilikuwa kimezama kwenye tope kando ya mstari, hakijaugusa.

"Profesa," Sentimita alisema. "Huyu ni mama yangu."

"Simjui huyu," mama akadakia. "Anasema hivyo kwa huruma tu. Ana huruma."

"Ni mama yangu mzazi. Anakaa kwangu. Nilimwambia asiguse, sikumwambia kwa nini. Sikukaa naye chini hata siku moja. Hakuna kibarua aliyekosea hapa."

Profesa aliwatazama wote wawili, mmoja kisha mwingine. Kwa kweli hakuhitaji kuambiwa. Pua zile na paji lile vilikuwa vya kiwanda kimoja.

"Unajua ulichokisema?" aliuliza.

"Najua."

"Nilikuwa nimeshaandika kibarua."

"Nimeona. Kifute, Profesa."

Alikifuta, kwa mstari mmoja, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake muda wa kubadili mawazo. Kisha akatembea shamba lote peke yake. Aliporudi alikuwa na tope mpaka magotini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka pia. Nani ajuaye ana wanafunzi wangapi na ng'ombe wangapi wamekula majaribio yao.

"Ploti zisizopaliliwa zimekufa," alisema. "Zile za fungu la tatu zimebaki, lakini fungu moja haliwezi kusema kitu peke yake. Msimu mwingine hutapewa, siwezi kukudanganya. Vuna zilizobaki. Andika habari ya nafasi, na ya palizi moja na palizi mbili. Ni nusu ya kazi. Nitawapelekea chuoni niwaombe waipokee, siahidi kitu. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Asante."

Alipokuwa anaingia garini aligeuka. "Mama," alisema, "mistari yako imenyooka."

"Nilikuwa na kamba, baba," mama akajibu.

Gari likaondoka. Nyapara alitikisa kichwa, akasema, "Sentimita, Sentimita, wewe mtu wewe," na kwenda zake kuwafokea vibarua waliokuwa wamesimama kutazama. Wakabaki wawili. Mama alianza kuviringisha kamba, fundo kwa fundo, bila kumtazama bintiye.

"Ungeniacha," alisema. "Mimi kufukuzwa nimeshazoea. Wewe ungebaki na shule yako."

"Mama, lile neno la jana..."

"Lilikuwa la kweli."

"Lilikuwa la kweli, na sikupaswa kulisema. Nisamehe."

Mama aliendelea kuviringisha. "Nimesikia," alisema mwishowe. Akapangusa pua kwa mkono wa blauzi, akainua uso kutazama kule mwisho wa shamba, kwenye fungu la tatu, ambako ploti za magugu zilikuwa bado zimesimama na msitu wake. Akayarudisha macho haraka chini, kama mtoto aliyekatazwa kutazama sukari.

"Na zile?" aliuliza.

"Zile hazina kazi tena."

"Yaani yatakaa tu hivyo? Yananyonga mahindi bure?"

Sentimita alivuta pumzi. Alifikiria msimu mzima alivyopita kando ya ploti zile akijizuia hata kung'oa jani moja. Alifikiria kitanda.

"Kalete jembe lako, mama," alisema. "Na mimi niletee la stoo."

Walipalilia mpaka jua likawa kali, mama mstari mmoja, binti mstari wa pili, wakipishana maneno machache. Mahindi yale hayangezaa cha maana. Yalishaumia utotoni, na palizi ya kuchelewa hairudishi hilo, Sentimita alijua na alimweleza mama, safari hii kwa kirefu, akiegemea mpini. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza maswali mawili, ya maana yote. Kisha akasema, "Sasa haya ungeniambia mwezi uliopita ungekufa?" na kuinama tena. Begi lilibaki mlangoni mpaka jioni, lilipoanza kuwasumbua kupita, mama akalirudisha mwenyewe chini ya kitanda.

Ile ploti ya njiani hakuna aliyeigusa. Magugu mengi ya kupandwa yalikauka siku hiyo hiyo, lakini ndago ni ndago. Zilishika, zikasimama kwenye mistari yake mbele ya kibao, thelathini kwa thelathini, kijani kibichi. Wanawake wa bombani walipunguza mwendo. Mmoja akatua ndoo, akamuuliza yule mama aliyekuwa anafagia njia, hilo ni zao gani jipya, na ni la nani.

"La binti yangu huyo," mama alisema bila kuacha kufagia. "Nimempandia mwenyewe."